Milimita 4 Isikurudishe Nyumbani

Kama hedhi yako ilishakatika, mwaka mzima au zaidi umepita bila kuona chochote, halafu siku moja unaona damu kwa chupi, hata kama ni tone tu, hata kama ni kitu cha rangi ya kahawia kilichokuja asubuhi moja kikaisha, hiyo si hedhi imerudi, inaweza kuwa dalili ya kansa ya ndani ya kizazi. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapopotelea.

Mi nafanya kazi ya skani hapa Nairobi, hizi altrasaundi, na wamama wanaokuja kwangu na hii shida wengi walikaa nayo kwanza, mwingine miezi, mwingine anakwambia waziwazi ilianza kabla ya Krismasi ya mwaka juzi. Ukiuliza mbona hukuja mapema, sababu ni zilezile. Dadake alimwambia ni damu chafu ya mwisho inatoka, iache itoke. Au anajua ana fibroidi, ule uvimbe wa kizazi usio wa kansa, tangu zamani kwa hivyo akaona ni hizo tu zinamsumbua. Au alipimwa pap smia kwa kempu ya kanisa akaambiwa yuko sawa, sasa kwake mambo ya kansa ya huko chini yaliisha siku hiyo. Na kuna aibu, tusidanganyane, mtu ana miaka 61, ana wajukuu, ataanzaje kununua pedi kwa duka la ploti ambapo anayeuza ni kijana aliyemwona akizaliwa.

Hiyo ya pap smia nataka nikae nayo kidogo. Pap smia, na kipimo cha HPV, vile virusi vinavyoleta kansa ya mlango wa kizazi, na ile ya kupakwa siki, zote zinaangalia mlango wa kizazi, ile shingo ya chini. Ni vipimo vizuri na ukiambiwa uende uende, maana kansa ya mlango wa kizazi iko mstari wa mbele kabisa kwa kuua wanawake Kenya. Lakini kansa ninayoongelea leo iko juu zaidi, ndani ya kizazi chenyewe, kwa ule utando unaojijenga kila mwezi ukingoja mimba na mimba isipokuja unamwagika, ndio hedhi. Pap smia haikutengenezewa kuitafuta hiyo. Mara mojamoja inaweza kuigusa kwa bahati lakini huwezi kuitegemea, na hakuna kempu yoyote ya kupima wanawake wazima wasio na dalili ambayo itakuhakikishia huna kansa ya utando wa ndani. Mwaka 2022 duniani wanawake kama 420,000 walipatikana nayo, na inazidi kuongezeka, na kwetu bado watu wengi hawajawahi kuisikia ikitajwa peke yake, inaitwa tu kansa ya kizazi na inachanganywa na ile nyingine.

Sasa sikiliza jambo zuri, kwa sababu liko. Hii kansa kwa kawaida haijifichi. Inatoa damu mapema, mara nyingi ikiwa bado imo ndani ya kizazi haijatoka kwenda popote, na ikishikwa hapo upasuaji wa kutoa kizazi pamoja na mirija na ovari mara nyingi ndio matibabu yenyewe, wengine hawahitaji hata mionzi. Kuna uchambuzi mkubwa wa 2018 uliounganisha tafiti nyingi, wanawake zaidi ya 40,000, na ukaonyesha kwamba karibu 9 kati ya kila 10 wenye kansa hii baada ya menopozi, yaani baada ya hedhi kukatika, walikuwa wametokwa na damu. Ukiligeuza upande wa pili, kati ya wanawake 100 wanaotokwa na damu baada ya menopozi kama 9 ndio wana kansa. Wale wengine wengi ni utando umekonda na kukauka kwa sababu homoni imepungua, ama ni polipu, kinyama kidogo kisicho na ubaya. Kwa hivyo simwambii mtu atetemeke. Namwambia aje, kwa sababu huwezi kujua wewe ni wa wale 9 ama wale 91 ukiwa umekaa nyumbani, na mimi pia siwezi kujua kwa kukuangalia usoni.

Ukija, kitu cha kwanza daktari atakachokuandikia mara nyingi ni altrasaundi, na hapa kuna mbili. Kuna ile ya juu ya tumbo, wengi wenu mliifanya mkiwa na mimba, unakunywa maji mpaka kibofu kijae halafu unapakwa jeli tumboni. Na kuna ile ya ndani, kifaa chembamba kinaingizwa ukeni, na hiyo unaenda choo kwanza ukojoe. Kwa swali la damu baada ya menopozi ile ya ndani ndiyo inatakiwa. Sababu ni rahisi. Altrasaundi ni sauti, sauti ya juu sana kuliko ile sikio linaweza kusikia, sikio la binadamu linafika mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde na kifaa cha ndani kinatumia milioni 5 mpaka 9. Sauti ikiwa ya juu hivyo inaonyesha vitu vidogo vizuri sana lakini haisafiri mbali, inachoka haraka. Sasa ukiiweka juu ya tumbo inabidi upite ngozi, mafuta, misuli, matumbo, ndio ufike kwa kizazi, kwa hivyo kifaa cha tumboni kinatumia sauti ya chini zaidi na picha inakuwa ya ukungu. Ya ndani iko mlangoni kabisa. Hakuna mionzi kwa zote mbili, hiyo naulizwa kila siku.

Najua ile ya ndani inaogopesha. Mama wa umri wa mama yako analala hapo kitandani ameshika leso kifuani na anaangalia dari, na anataka kujua kama itaumiza lakini hataki kuuliza. Mi huwa namwonyesha kabla. Nachukua kifaa, navalisha kondomu mbele yake, napaka jeli, halafu nashika na kidole mahali kinapoishia, "Mama, kinaingia kutoka hapa mpaka hapa tu, hiki kipande kingine chote kinabaki mkononi mwangu. Ukisema basi, tunaacha. Na ukitaka, unaweza kukiingiza wewe mwenyewe." Wengi wanachagua kukiingiza wenyewe. Baada ya menopozi uke unakauka na kukaza kwa hivyo jeli iwe ya kutosha na mkono uwe wa polepole, na nesi wa kike awe chumbani kama mgonjwa anataka. Masista wa kanisa pia wanakuja, na wanawake ambao hawajawahi kuwa na mwanaume, na hao wasilazimishwe, kuna kupitia tumboni na kuna hata kupitia njia ya haja kubwa kwa kifaa hichohicho, daktari anaweza pia kwenda moja kwa moja kuchukua kipimo chini ya dawa ya usingizi. Ninawataja kwa sababu mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba hatari yake ya hii kansa iko juu kidogo, na ndio haohao wanaachwa nje kwa sababu kila mtu anaona aibu kuongea nao.

Kwa skrini kizazi kinakaa kama peasi limelala, kijivu, na katikati unaona mstari. Ule mstari ndio utando. Ni kuta mbili, ya mbele na ya nyuma, zimelaliana kama chapati mbili kwa sahani, na tunachopima ni zote mbili kwa pamoja, pale palipo na unene kuliko kwingine kote. Kama kuna maji yameingia katikati hayahesabiwi, unapima kila upande unajumlisha. Nasogeza mpaka nione mstari wote kutoka chini kwa mlango mpaka juu kwa paa la kizazi, nagandisha picha, naweka alama moja huku na nyingine kule, na mashine inaandika namba kwa kona. Hiyo namba ndiyo kila mtu anasubiri. Mama ananiangalia uso, mtoto wake aliyemleta ananiangalia uso, na daktari akipokea ripoti macho yanakimbilia hapo kwanza.

Namba yenye inaogopwa na kuaminiwa ni 4. Milimita 4. Utando ukiwa hapo au chini, unaambiwa uko sawa.

Ilitoka wapi? Hii teknolojia yenyewe ilianza na daktari wa wanawake kule Glasgow, Scotland, Ian Donald, ambaye mwaka 1955 alibeba uvimbe aliotoa kwa wagonjwa wake akaupeleka kwa kiwanda cha boila kilichokuwa na mashine ya kutafuta nyufa ndani ya chuma kwa kutumia sauti, akaona kwamba uvimbe wenye maji na uvimbe mgumu vinarudisha sauti tofauti. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakachapisha picha za kwanza kwa jarida la Lancet. Kwa hivyo unaona, skani ilianza na uvimbe wa wanawake kama sisi, fibroidi na vifuko vya ovari. Kifaa cha kuingia ndani kilienea miaka ya 1980, na madaktari wakaanza kujiuliza, kama kansa inafanya utando uwe mnene, kwani hatuwezi kupima unene na kuwaachilia wale wenye utando mwembamba? Kwa sababu kabla ya hapo kila mama aliyetokwa na damu alilazwa, akapigwa dawa ya usingizi, akakwanguliwa kizazi, na wengi hawakuwa na kitu. Mwaka 1995 ukachapishwa utafiti wa nchi za kaskazini mwa Ulaya, wanawake 1,168 waliotokwa na damu baada ya menopozi, 114 wakapatikana na kansa, na hakuna hata mmoja wa hao aliyekuwa na utando wa chini ya milimita 5. Unaona vile hiyo inavutia. Chama cha madaktari wa wanawake cha Marekani kikaja kuandika kwamba utando ukiwa milimita 4 au chini, uwezekano wa kuwa hauna kansa ni zaidi ya asilimia 99. Vitabu vikafundisha hivyo, na sisi tulifundishwa hivyo, na ni kipimo kilichookoa wanawake wengi kutoka kwa kukwanguliwa bure. Sikidharau hata kidogo.

Lakini wale 1,168 walikuwa wa kutoka kaskazini mwa Ulaya. Hilo ndilo linanisumbua na ndilo limenifanya niandike.

Mwaka 2024 daktari mmoja wa kansa za wanawake, Kemi Doll wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, na wenzake walitoa utafiti kwa wanawake Weusi wa Marekani. Walichukua watu 1,494 waliotolewa kizazi kwa sababu mbalimbali na ambao walikuwa wamefanyiwa altrasaundi kabla, wakaangalia 210 ambao maabara ilikuta wana kansa ya utando. Kisha wakauliza, je hii kanuni ya milimita 4 ingewashika wote? Haikuwashika. Karibu 1 kati ya 10 wa wale 210, asilimia 9.5, utando wao ulikuwa chini ya milimita 4. Ukitumia milimita 5 ni asilimia 11.4. Hao ni wanawake ambao ripoti yao ingesema nyembamba, nenda nyumbani, ilhali kansa iko ndani. Na wanawake Weusi kule Marekani wanakufa na hii kansa karibu mara mbili ya wazungu. Ni kweli hao walikuwa wameshafika hatua ya kutolewa kizazi kwa hivyo si sawa kabisa na mama anayetembea tu kuingia kliniki, na ni kweli Mmarekani Mweusi si mama wa Umoja ama wa Eastleigh hapa Nairobi. Lakini ukiangalia sababu zenyewe utaona ni za kwetu kabisa.

Ya kwanza ni fibroidi. Nani hapa hana shangazi ama dada mwenye fibroidi? Wanawake Weusi wanazipata zaidi, zinaanza mapema na zinakuwa kubwa. Sasa kwa skrini fibroidi inafanya mambo mawili, inasukuma ule mstari unapinda unatoka njiani, na inatupa kivuli cheusi nyuma yake, kwa sababu sauti haipiti vizuri. Unaweza kuona nusu ya utando na nusu nyingine imemezwa na kivuli. Ile nusu unayoiona ukiipima unapata 3, safi, lakini kansa haina sababu ya kukaa upande ulio na picha nzuri.

Ya pili ni aina ya kansa yenyewe. Ile ya kawaida inalishwa na estrojeni, homoni ya kike, inafanya utando uvimbe polepole, na skani inaikamata vizuri. Lakini kuna aina kali zaidi ambazo hazitegemei estrojeni, zinaota hata kwa utando uliokonda wa mama mzee, na zinapatikana zaidi kwa wanawake Weusi. Hiyo inaweza kuwa imeshaanza kutembea na utando bado ni mwembamba. Mimi na mashine yangu napima unene. Seli siioni. Hakuna altrasaundi duniani inayoona seli.

Kuna mama mmoja, nimebadilisha vitu kadhaa kumhusu ili asijulikane, alikuja na bintiye na ripoti mkononi ya skani aliyofanya kwingine miezi ya nyuma. Skani ilikuwa ya tumboni. Ripoti ilisema kizazi kikubwa chenye fibroidi nyingi, utando milimita 3, hakuna shida. Akapewa vidonge vya kukausha damu akarudi nyumbani, damu ikakauka, ikarudi, ikakauka, ikarudi. Alikaa kwa kiti akaniambia hivi, "Mwanangu, mi nimeambiwa niko sawa. Lakini sawa gani hii inatoa damu?" Sijawahi kusikia hili suala likisemwa vizuri kuliko hivyo, na hakusoma jarida lolote.

Nikamfanyia ya ndani. Fibroidi zilikuwa nyingi kweli, moja imekaa upande wa mbele imeweka kokoto za chokaa ndani yake, na nyuma yake ni giza tu. Niligeuza kifaa kila pembe, nikambonyeza tumbo kwa mkono mwingine, nikapata theluthi moja ya mstari hivi. Pale nilipouona ulikuwa mwembamba. Ripoti niliyoandika ilisema utando hauonekani wote kwa sababu ya fibroidi, unene hauwezi kutumiwa, na kwa sababu mgonjwa anatokwa na damu baada ya menopozi achukuliwe kipimo cha nyama. Daktari alimchukua kwa kliniki tu, kwa mrija mwembamba wa plastiki unaopitishwa kwa mlango wa kizazi na kunyonya vipande vidogo vya utando, inachukua dakika chache, unasikia mkazo kama wa hedhi mbaya. Majibu yalipokuja yalikuwa kansa. Alifanyiwa upasuaji, ikapatikana bado imo ndani ya kizazi, na sasa anaenda kliniki ya kufuatiliwa. Bintiye ndiye alinipigia kunieleza.

Kwa hivyo hili ndilo neno langu, na wataalamu wenyewe wanazidi kulisema: skani ni ya kuanzia. Ikionyesha utando mnene, daktari anajua aharakishe. Ikionyesha polipu anaweza kutaka ile skani ya kuweka maji ya chumvi kidogo ndani ya kizazi ili kuta ziachane na kinyama kionekane vizuri, ama aingize kamera aone kwa macho. Ikionyesha utando mwembamba, umeonekana wote, na damu ilitoka mara moja ikaisha, wengi watakuwa sawa na daktari anaweza kuamua kungoja. Lakini damu ikiendelea au ikirudi, hata utando uwe milimita 2, unahitaji nyama ipelekwe maabara. Na utando ambao haukuonekana vizuri si utando mwembamba. Tena kwa sisi wenye fibroidi nyingi, mi naona kama uko na menopozi na unatoka damu, uliza baiopsi, yaani hicho kipimo cha nyama, mapema, usisubiri damu ikuje mara tatu ndio mtu akuchukulie kwa uzito.

Wale bado wako na hedhi wananiuliza, na sisi? Kwenu ile 4 haina kazi kabisa. Utando wenu unapanda na kushuka, siku za damu unaweza kuwa milimita 2, karibu na hedhi inayofuata ukafika 16, na zote ni kawaida. Kwa hivyo ukiona 12 kwa ripoti na uko na miaka 38 usikimbilie intaneti usiku kucha. Lakini ukiwa na miaka 45 kwenda juu na damu imevurugika, inakuja katikati ya mwezi, inakaa wiki mbili, inatoka mabonge, usikubali kila kitu kiitwe kukaribia menopozi, hapo pia kipimo cha nyama kinatakiwa. Na chini ya 45 kuna wanaotakiwa kuangaliwa: wenye hedhi inayopotea miezi mingi kwa sababu ya ovari zenye vifuko vingi, wenye uzito mkubwa sana, wenye kisukari, na wale ambao kwao kuna kansa ya utumbo mpana au ya kizazi kwa ndugu wa karibu tena wakiwa vijana, kwa sababu kuna kasoro ya kurithi inayobeba zote mbili.

Uzito nautaja kwa heshima. Mafuta ya mwili yanatengeneza estrojeni, hata baada ya ovari kustaafu, na estrojeni ikikaa peke yake bila projesteroni ya kuisawazisha inaendelea kuambia utando ukue, ukue. Ndio sababu uzito ni mojawapo ya visababishi vikubwa vya ile aina ya kawaida. Mtu asiambiwe hivyo kwa kukejeliwa. Nimesikia wamama wakiambiwa kwa vyumba vya daktari maneno ambayo yaliwafanya wasirudi, na mwenye hatari kubwa ndiye tunamhitaji arudi.

Na kwa waliopona kansa ya matiti na wanameza tamoksifeni, hiyo dawa inawasaidia, msiiache. Lakini inafanya utando uwe mnene na wenye vitundu vitundu hata kama hakuna kansa, kwa hivyo kama huna dalili skani ya kupima unene inaweza kukutisha bure. Kwako alama ni damu. Ukiona damu, sema siku hiyohiyo kwa kliniki yako.

Mambo ya pesa siwezi kuyaruka kwa sababu ndio yanafanya mtu achague ile skani ya bei ya chini ya tumboni, ambayo inapatikana kila kona kuanzia Githurai mpaka Kawangware. Kabla hujalipa uliza kama wanafanya ya ndani, na kama fomu ya daktari haijaandika ni gani mwambie aandike, na umwambie aandike pia kwamba hedhi ilikatika lini na damu ilianza lini, kwa sababu nikipata fomu imeandikwa tu skani ya nyonga mi sijui natafuta nini. Uliza pia mambo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, kabla ya siku ya skani na ya maabara, usingoje ukiwa kaunta. Ukipewa rufaa ya Kenyatta ama ile hospitali ya KU, Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Kahawa beba ripoti zote na picha, za zamani pia, hata kama zimekunjika. Na majibu ya nyama yanaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hivyo chukua namba ya simu ya maabara na ujue ni nani anatakiwa kukupigia. Usipopigiwa, piga wewe. Sampuli inaweza pia kuwa ndogo mno isiweze kusomwa, na hapo si kwamba huna kitu, ni kwamba jibu bado halijapatikana, na kama damu bado inatoka inabidi kurudia au kuingiza kamera.

Kwa wenzangu wa skani, najua wengine mnasoma hapa, na najua foleni ilivyo, watu wanagonga mlango na bosi anahesabu wagonjwa. Hakuna sheria inayosema lazima ripoti iwe na namba ya unene. Kama mstari haukuonekana wote, usikisie 3 kwa sababu kile kipande ulichoona ni 3. Andika kwamba haukuonekana wote, andika kwa nini, andika ulipitia tumboni ama ndani, na andika kwenye mstari wa mwisho, mahali daktari aliyechoka ataona, kwamba mgonjwa huyu ana damu baada ya menopozi na anahitaji baiopsi.